Dogo anachora Afrika nzima kwa kichwa ila kaskazini ya nyumbani haijui. Mnafundishaje ramani kwa zana za mtandaoni?

Fundi_Baridi

Wakuu habari za wikendi.

Nina dogo wangu darasa la tano. Jumamosi moja kaniletea daftari, kachora ramani ya Afrika safi kabisa, nchi zote zimekaa, Madagaska iko kule pembeni, mpaka Lesotho kaitoboa katikati ya Afrika Kusini. Nikamsifia, nikampa na mia tano ya juisi. Halafu tukatoka barazani nikamuuliza haya baba, kaskazini ni wapi? Akanyoosha kidole juu. Juu mbinguni wakuu, siwatanii. Si kwenye daftari kaskazini iko juu na mshale wake na herufi K!

Nilicheka lakini ikaniuma maana na mimi nilikariri hivyo hivyo, jina la ramani, fremu, dira, skeli, ufunguo, nikapata vema zote, halafu siku ya kwanza Kariakoo nikapotea nikiwa na ramani mkononi. Mi sio mwalimu, ni fundi AC, kazi yangu ni kufuata location za wateja kutwa nzima, kwa hiyo mtoto wangu kutojua ramani ni aibu ya ukoo.

Basi nimekaa naye kama wiki tatu hivi, kila jioni nusu saa, tunajaribu vitu vya bure vya mtandaoni. Nawapa ripoti yangu, na nyie mnipe yenu.

Tulianza na Google Earth. Kosa langu la kwanza nilimwachia tu simu. Siku mbili nzima dogo yuko Old Trafford, mara Santiago Bernabéu, mara kaenda kwenye piramidi, bando linakwenda na hakuna alichojifunza zaidi ya kuangalia nyasi kutoka juu. Siku ya tatu nikaweka sheria: hatufungui kitu kabla hujabashiri. Nikampa karatasi nikamwambia nichoree njia ya kutoka hapa nyumbani mpaka shule, usiniulize kitu. Akachora. Shule kaiweka upande usio wake wa barabara kubwa, banda la mama wa vitumbua limekuwa kubwa kuliko msikiti. Ndipo tukafungua picha ya setilaiti tukalinganisha. Mnajua alikaa kimya dakika nzima? Halafu akaomba karatasi nyingine mwenyewe.

Hapo ndo nikashtuka kwamba siri haiko kwenye programu, iko kwenye kule kubashiri. Tukaingia kwenye kile kipimo cha umbali. Nyumbani mpaka shule alisema kilomita tano, tukapima ikatoka moja na kidogo. Daraja la Kigamboni alibashiri kilomita mbili, tukavuta mstari ncha hadi ncha tukapata karibu na zile mita 680 zinazotajwa. Dar mpaka Dodoma mstari ulionyooka unasoma kama kilomita 400, lakini basi linatembea kama 450. Nikamuuliza hizo 50 zimetoka wapi, akafikiria akasema "baba, basi haliruki". Siku hiyo nililala vizuri.

Baada ya hapo tukahamia kwenye michezo. Seterra ni ile inakutajia nchi unabonyeza ilipo. Nzuri, sasa hivi ananifunga kwa Afrika yote, mimi bado nachanganya Benin na Togo. Ila tuseme ukweli ni kukariri kule kule, kumeongezewa mwendo tu. Worldle nimeipenda zaidi. Inakupa umbo la nchi halina jina, una nafasi sita, ukikosea inakwambia umbali na mshale wa uelekeo wa nchi sahihi, kwa hiyo mtoto analazimika kuwaza "kilomita elfu tatu kaskazini-magharibi ya hapa kuna nani?" Angalizo moja, umbali wanapima katikati ya nchi mpaka katikati ya nchi, kwa hiyo ukitaja Kenya na jibu ni Tanzania utaambiwa mamia ya kilomita wakati ni majirani wa ukuta mmoja. Dogo aligomba sana hapo, akasema mchezo muongo.

Tumekwama vitu viwili, skeli na kontua, ile mistari ya ramani inayoonyesha mwinuko wa ardhi. Skeli anasema "sentimita moja inawakilisha kilomita moja" kama kasuku, nikimpa simu aseme hapa sentimita moja ni ngapi anababaika. Wajuzi karibuni.

Nyani_Mzee

Juu mbinguni hahahaha. Dogo kajibu kwa imani mkuu. Ngoja waje wenye elimu zao mi nimekaa hapa na karanga.

Mpimaji_Mstaafu

Mleta uzi, nimefanya kazi ya upimaji miaka mingi, hapo kwenye skeli dogo hana kosa, kosa ni la kifaa. Sikiliza.

Skeli ya uwiano, mfano 1:50,000 kama zile karatasi za ramani za nchi yetu zinazotungiwa maswali ya kidato cha nne, maana yake sentimita moja ya karatasi ni sentimita 50,000 za ardhini, yaani mita 500. Ile inasimama kwa sababu karatasi haibadiliki ukubwa. Simu unaivuta kwa vidole viwili, kila ukivuta uwiano umeshakufa. Kwa hiyo kwenye skrini usimfundishe uwiano hata kidogo, mfundishe skeli ya mstari, ule mstari mdogo pale pembeni chini umeandikwa mita 200 au kilomita 2. Mwambie auangalie mstari huku anavuta ramani. Ataona wenyewe unabadilika. Akate kipande cha karatasi chenye urefu wa ule mstari, akitembeze kwenye ramani kama rula. Hapo ameelewa skeli kuliko watu wazima wengi.

Na hata kwenye karatasi kuna mtego. Mwalimu anachukua ramani ya 1:50,000 anaipeleka stationery wanaikuza mara mbili itoshe ubao, uwiano bado umeandikwa 1:50,000 na sasa ni uongo mtupu, lakini skeli ya mstari imekua pamoja na ramani kwa hiyo bado inasema kweli. Nimeona mitihani ya majaribio imetungwa kwa ramani iliyokuzwa namna hiyo, watoto wanakosa wakiwa wamefanya hesabu sahihi.

Sasa zoezi la mtandaoni ambalo wajukuu zangu walilipenda. Fungua tovuti ya OpenStreetMap, ile ramani ya bure inayochorwa na watu wa kawaida, kwenye kompyuta, weka Dar, tazama ule mstari wa skeli. Usivute karibu wala mbali, isogeze tu ramani kwa kipanya kwenda kaskazini mpaka London. Tazama mstari tena. Umebadilika, na hukugusa kukuza! Urefu ule ule wa skrini uliokuwa kilomita moja Dar, London ni kama mita 620. Muulize kwanini. Ukiona anaumiza kichwa vizuri ndo umfungulie True Size.

Fundi_Baridi

Mpimaji we mzee umenifumbua. Kesho nafanya hiyo ya London. Kumbe nilikuwa namgombeza mtoto bure.

True Size tumeshaifungua ila kwa fujo tu bila mpangilio. Unashika nchi unaivuta kwenda sehemu nyingine ya dunia inakua au inasinyaa kulingana na latitudo, yaani iko mbali kiasi gani na ikweta. Tuliivuta Tanzania ikaenda kukaa Ulaya, ikafunika, dogo akapiga kelele. Nikaenda kuhakiki kwa namba, Tanzania kilomita za mraba kama 945,000, ukijumlisha Uingereza, Ujerumani na Italia hazifiki hapo. Na Greenland ambayo kwenye ukuta wa darasani inaonekana imelingana na Afrika, ni ndogo kuliko Kongo peke yake.

Mpimaji_Mstaafu

Sahihi. Greenland ni kama milioni 2.17, Kongo milioni 2.34, Afrika nzima kama milioni 30. Ile ya ukutani ni ramani ya Mercator ya mwaka 1569, inayokuza nchi kadri zinavyokuwa mbali na ikweta. Ilichorwa kwa ajili ya mabaharia, ukiweka rula kati ya bandari mbili unapata pembe moja ya dira ya kushika safari nzima. Kwa kazi hiyo ni ramani bora kabisa. Tatizo ni kuitundika darasani. Mwaka 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuachana nayo mashuleni na kutumia Equal Earth, inayotunza ukubwa wa maeneo. Lakini usimwambie mtoto kwamba Mercator ni njama. Mwambie chukua ganda la chungwa ulilaze mezani bila kulipasua. Akishindwa amekuelewa.

NaksVegas_254

Wasee wa TZ mko na thread moto. Mtoi wangu yuko Grade 5 huku Nakuru, mimi nilianza na GeoGuessr. Inakutupa barabarani mahali popote duniani kwa picha za Street View, unaangalia mabango, udongo, miti, gari zinaendesha upande gani, halafu unaweka alama kwenye ramani. Ya bure iko na limit, ukitaka kucheza sana unalipa, so mimi nilitoa idea tu nikatengeneza yangu. Naingia Google Maps mwenyewe, nachagua barabara, namfichia jina na kipande cha karatasi, namwambia guess ni county gani na unipe sababu tatu. Bila sababu hakuna pointi hata kama umepata.

Funny thing, watu wa hiyo game dunia nzima wanajua Kenya kwa kitu kimoja, gari iliyopiga picha huku ilikuwa na snokeli, hilo bomba jeusi la kuvuta hewa linaonekana pembeni ya bonneti kila mahali. Mtoi aligundua trick hiyo nikaona sasa anacheza na bomba haangalii mazingira tena, nikambadilishia nchi lol.

Pia mfundisheni kwamba ramani inatengenezwa na watu. Kibera mpaka 2009 ilikuwa doa tupu kwenye ramani za intaneti, watu kibao wanaishi hapo na ramani haionyeshi kitu. Vijana wa hapo hapo wakachukua GPS wakatembea kichochoro kwa kichochoro, maji yako wapi, kliniki, choo, shule. Hiyo ndio Map Kibera. Mtoi wangu aliniuliza "so kabla ya hapo hawakuwa wanajua kama kuna watu?" Sikuwa na jibu ya haraka.

Mpimaji_Mstaafu

Na kwetu Tandale ilichorwa 2011 na wanafunzi na wakazi wa pale, halafu 2015 ikaja Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Mlimani wakishirikiana na watu wa mitaa kuchora Dar kwa sababu ya mafuriko. Fundi, dogo wako akifungua OpenStreetMap Dar akaona kila kijumba na kila mtaro, huo ni mguu wa mtu uliopita pale na matope.

Mkulima_Halisi

Nimesoma uzi wote, jamani mna raha. Huku kwetu mtoto anakaa chini kwenye vumbi, darasa moja watoto mia na ushee, umeme hakuna, nyie mnaongelea kuvuta Tanzania ikae Ulaya. Hizi mada zenu za watoto wa mjini.

Ticha_wa_Kata

Mkulima mi nafundisha mazingira hayo hayo unayosema, watoto 118, simu janja moja na ni yangu na kioo kimepasuka. Nakuelewa lakini sikubaliani na wewe.

Ninachofanya, nikienda mjini kwenye mtandao mzuri nashusha ramani ya eneo letu kwenye Organic Maps, ni ya bure, inatumia data za OpenStreetMap na ikishashuka haihitaji bando tena, GPS inafanya kazi bila intaneti. Halafu darasani siionyeshi simu kabisa mpaka mwisho. Tunaanza uwanjani. Nilivuta kamba mita mia, kila mtoto akahesabu hatua zake, mmoja kapata 138 mwingine 155, kila mtu sasa ana rula yake miguuni. Makundi kumi na mawili yakapima shule kwa hatua, tukachora ramani ya shule kwenye uwanja kwa majivu ya jikoni, hatua kumi ni kijiti kimoja. Hiyo ndo skeli bwana fundi, wakaielewa kwa majivu kabla ya kuiona kwenye kitabu. Kundi moja likachora vyoo vikaangukia katikati ya ofisi ya mwalimu mkuu, tukarudia kupima.

Kaskazini tulitafuta kwa fimbo. Asubuhi unasimika fimbo wima, unaweka jiwe kwenye ncha ya kivuli, unasubiri kama nusu saa unaweka jiwe la pili, mstari kutoka jiwe la kwanza kwenda la pili unatoka magharibi kwenda mashariki. Haina bando wala chaji. Usimwambie tu mtoto "saa sita kivuli kinaangukia kusini" maana kwetu huku jua linahama, kuna miezi liko kaskazini yetu na miezi liko kusini. Dar kwa mfano linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba.

Mwisho kabisa ndo natoa simu, makundi kumi kumi, wanalinganisha ramani ya majivu na ya simu. Na kulikuwa na shangwe kwa sababu simu ilikuwa haina kisima chetu na majivu yanacho.

Mkulima_Halisi

Ticha nimenyoosha mikono. Hiyo programu ukubwa wake ukoje, simu yangu imejaa picha za ng'ombe.

Ticha_wa_Kata

Inashusha eneo kwa eneo, chukua la kwenu tu usichukue dunia nzima. Na ng'ombe wengine wauze hahaha.

BintiMchangani

Assalam alaykum wana jukwaa. Mie niko Unguja, nafundisha skuli asubuhi na chuo cha Kurani jioni. Fundi usihangaike na dira za simu, mulize mwanao kibla kiko wapi. Kwetu huku na huko Dar na Tanga na Mombasa, Makka iko karibu kaskazini tupu, kutoka mjini Unguja inapotea kama digirii moja tu upande wa mashariki. Ndo maana wazee wetu wakisema "kibla" mara nyengine wanakusudia kaskazini yenyewe. Kila mskiti una mihrabu, pale mbele anaposimama imamu, na kila mihrabu ya pwani hii inakuonesha kaskazini. Watoto wangu wanaijua kibla toka wana miaka minne, ila hakuna alowaambia kuwa ndo ile K ya kwenye daftari la Jiografia! Siku nilipowaunganishia walinitazama kama nimewafichia siri.

Zoezi letu, tunafungua picha ya setilaiti ya mji, tunatafuta mapaa ya miskiti, tunatazama jengo limekaaje. Msikiti umeelekea juu ya skrini, nyumba za jirani zimekaa shaghalabaghala. Watoto wanatambua msikiti kwa mkao wake kabla ya kuona mnara.

Mzanzibari_Maskati

Waalaykum salaam. Dada umenichekesha maana hii imenipa tabu nyumbani kwangu. Watoto wangu wamezaliwa huku Maskati. Bibi yao yuko Pemba, anawafundisha kwa simu kila Ijumaa, akawaambia "kaskazini ni kibla wajukuu zangu". Mtihani wa skuli binti akageuza ramani nzima ubavu, maana huku kibla iko magharibi. Bibi hakukosea, mtoto hakukosea, na sifuri akaipata.

Tukakaa na Google Earth tukaweka mstari kutoka Pemba mpaka Makka, na mwengine kutoka hapa mpaka Makka. Ile mistari miwili inakutana pale kama miguu ya bikari. Binti akaendelea mwenyewe, akaweka Jakarta, akaweka Istanbul, akaweka New York na hiyo ndo ilomshangaza, mstari unaondoka kaskazini-mashariki wakati kwenye ramani ya ukutani Makka iko kusini zaidi ya New York. Dunia duara alikuwa anaisema siku zote, siku ile ndo aliiona.

Nyani_Mzee

Nilikuja kucheka nimeishia kuweka mstari kutoka Tandika mpaka New York. Karanga zimeisha.

Nahodha_Mdogo

Kwa watoto wa pwani ongezeni earth.nullschool.net. Ni dunia nzima na upepo wake unaonekana unatembea kama nyuzi nyuzi, unaizungusha kwa kidole. Baba yangu mvuvi, mi nilijua kusi na kaskazi kwa kusikia tu. Siku niliyomwonyesha mwanangu mwezi wa saba, nyuzi zote zinapanda kutoka kusini zinapinda pale juu kuelekea India, halafu tukarudisha tarehe nyuma mpaka Januari, zote zimegeuka zinashuka kutoka kaskazini-mashariki. Nikamwambia sasa unajua kwanini majahazi ya Waarabu yalikuwa yanakuja na kaskazi na kurudi na kusi, na unajua majina kaskazini na kusini yametoka wapi. Rudisheni mpaka mwanzoni mwa Mei 2024 muone kimbunga Hidaya kilivyokuwa kinajizungusha karibu na Mafia. Watoto wanaogopa kidogo lakini hawabanduki.

Inakula bando kiasi, fungueni mara moja mpige skrini shoti.

Mchaga_wa_Juu

Mimi nitasaidia kwenye kontua maana kwetu Moshi hatuna kaskazini, tuna juu na chini tu. Ukiuliza njia unaambiwa "panda, ukifika kanisani shuka". Mtoto wa mlimani kontua anazo miguuni hazijaandikwa tu.

Chukua kiazi kikubwa, kata kiwe na kitako kikae. Choma njiti mbili zipite wima juu mpaka chini, zichomoe, zimeacha matundu. Sasa kata kiazi vipande vya unene sawa kama chipsi za duara. Weka kipande cha chini kwenye karatasi, zungusha penseli, weka alama za matundu mawili. Kiondoe, weka cha pili pale pale matundu yakutane na zile alama, zungusha. Endelea mpaka juu. Ukimaliza una mlima wenye kontua, na kila mstari ni kimo kimoja kutoka chini. Upande ambao kiazi kilikuwa na mteremko mkali mistari imebanana, upande wa mteremko wa taratibu imeachana. Usiongee kitu, muulize tu angepandia upande gani na ndoo ya maji kichwani.

Halafu ndo ufungue OpenTopoMap, nenda Kilimanjaro. Ataona Kibo mita 5,895 na Mawenzi 5,149 na pale katikati mistari imelegea, ndo tandiko lenyewe. Mwambie achague njia ya kupanda kwa mistari tu, halafu mkaangalie kwa Google Earth mkiilaza ionekane kwa ubavu. Wangu alichagua njia inayopita kwenye ukuta wa mwamba akasema ni fupi.

Viazi mnapika baadaye, hakuna hasara.

Mama_Usalama

Samahani nawaingilia. Ramani za kuchora wenyewe kama My Maps au miradi ya Google Earth, angalieni mmeziweka za nani kuona. Nimeona darasa moja limetengeneza ramani nzuri kabisa "nyumbani kwetu", kila mtoto jina lake na nyumba yake, na linki iko wazi kwa dunia nzima. Tumieni alama za maeneo ya wote, soko, kituo cha daladala, zahanati. Nyumba wachore kwenye karatasi.

Fundi_Baridi

Mama asante, mimi nilikuwa na hiyo ramani! Nimeifunga sasa hivi hivi.

Fundi_Baridi

Wakuu narudi baada ya wiki mbili.

London imefanyika. Kiazi kimefanyika, mama yake alilalamika viazi vimeisha na wageni wanakuja. Kivuli kimefanyika, na kweli kaskazini ya kwetu iko upande wa banda la kuku, sio mbinguni. Fimbo na mihrabu ya msikiti wa mtaani vimekubaliana, dira ya simu peke yake ndo ilikuwa inapotosha kumbe nilikuwa nimeisimamia karibu na geti la chuma.

Sasa kilichonirudisha. Dogo kafungua OpenStreetMap kakagua njia yake ya shule, akaniambia "baba, njia yangu haipo". Kweli, kile kichochoro anachokatizia nyuma ya mashine ya kusaga hakimo, ramani inamzungusha barabara kubwa. Nikafungua akaunti yangu mimi, tukatembea nacho mwanzo mpaka mwisho na simu inarekodi, tukakaa tukakichora juu ya picha ya setilaiti. Kesho yake kipo. Kaita mtaa mzima kuja kuona.

Tatizo akataka tukiandike jina "Njia ya Vitumbua". Nikamwambia hapana, ramani haiandiki unachopenda wewe, inaandika watu wanavyopaita, nenda kaulize. Katoka na daftari kaenda kuuliza nyumba kwa nyumba. Karudi na majina matatu. Wazee wanasema Kwa Mnyamwezi, vijana wanasema Uchochoro wa Simba sababu ya mchoro ukutani, na akina mama wote wanasema Njia ya Mashine. Mpimaji hapo tunaandika lipi?

Mpimaji_Mstaafu

Kahesabu ni wangapi kila jina?

Fundi_Baridi

Kahesabu. Mashine 11, Simba 6, Mnyamwezi 4. Vitumbua 1, kajihesabu mwenyewe.

Mpimaji_Mstaafu

Weka Njia ya Mashine kama jina, hayo mawili kuna sehemu ya majina mengine, yaweke yote. Lile la Mnyamwezi usiliache, wazee wakiondoka halitakuwa na wa kuliuliza. Na huyo dogo akimaliza la saba nipigie.